Achille Gaggia, muuza kahawa aliyeufukuza mvuke kwenye kikombe

Katika nyumba kadhaa za Kolwezi, hasa zile za watu wanaofanya kazi na makampuni ya migodi, kuna mashine ya kahawa isiyomwomba mwenyewe ujuzi wowote. Punje za kahawa zinawekwa juu, maji yanajazwa katika tangi, kidole kinabonyeza, na muda si mrefu kikombe kidogo kimejaa, povu la rangi ya dhahabu likiwa juu yake. Mbele ya baadhi ya mashine hizo kumeandikwa Gaggia. Wengi hudhani ni jina la kiwanda tu, kama majina yanayobandikwa juu ya friji na televisheni. Lakini Gaggia alikuwa mtu. Alisimama nyuma ya kaunta akiuza kahawa, na matatizo mengi yanayoiua mashine ya nyumbani leo yanaeleweka vizuri zaidi kwa anayejua maisha yake.

Giovanni Achille Gaggia alizaliwa Milano, kaskazini mwa Italia, mwaka 1895. Alikulia katika mji wa viwanda, na akiwa mtu mzima alikuwa na baa yake ya kahawa katika barabara ya Viale Premuda. Hakuwa mhandisi. Alikuwa mtu wa kusaga, kumimina, kufuta kaunta na kusikiliza malalamiko ya wateja.

Mashine alizozikuta zilikuwa na historia yake. Mwaka 1884 Angelo Moriondo wa Torino aliandikisha mashine kubwa ya mvuke iliyoweza kuwahudumia watu wengi kwa haraka. Ni mwaka uleule ambao, mwezi wa Novemba, wakubwa wa Ulaya walianza mkutano wao wa Berlin, wakati Msiri bado anatawala Bunkeya na kuuza shaba ya Katanga. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano aliandikisha mashine iliyotengeneza kahawa kikombe kwa kikombe, mbele ya macho ya mteja. Desiderio Pavoni akainunua haki hiyo na kuanza kuziuza mashine zenyewe. Zilikuwa ndefu kama mnara mdogo, za shaba na shaba nyeupe, zinang'aa, nyingine zikiwa na sanamu ya tai juu. Mteja akiingia baa alikuwa anaona moshi na kusikia mluzi, na hilo peke yake lilimfanya aamini kwamba anapata kitu cha kisasa.

Tatizo lilikuwa ndani ya kikombe. Mashine hizo zilisukuma maji kwa nguvu ya mvuke uliofungiwa ndani ya boila. Presha yake haikuzidi sana bar 1 na nusu. Ili kupata hata nguvu hiyo ndogo, ilibidi maji yapitishe kiwango cha kuchemka, na maji ya namna hiyo yakikutana na kahawa iliyosagwa yanaiunguza. Kahawa ilitoka nyeusi, chungu, yenye ladha ya kitu kilichosahauliwa motoni. Fundi aliyetaka kuongeza nguvu alilazimika kuongeza joto, na akiongeza joto aliunguza zaidi. Mashine ya mvuke haikuwa na njia ya kutoka katika mtego huo. Gaggia, aliyekuwa akiiuza kahawa hiyo kila siku, alitaka mambo hayo mawili yatenganishwe: joto lifanye kazi yake, na nguvu itoke mahali pengine.

Hapa inabidi kumtaja mwanamke ambaye matangazo ya biashara hayamtaji mara nyingi. Kulikuwa na fundi mmoja wa Milano aliyeitwa Cremonesi, ambaye mwaka 1936 alikuwa ameandikisha pistoni ya kusukuma maji ya moto kupita katika kahawa. Alifariki kabla ya kazi yake kufika mbali. Mjane wake, Rosetta Scorza, alibaki na karatasi za haki hiyo mkononi, akitafuta mtu wa kuzinunua. Inasimuliwa kwamba ni kwake Gaggia alipopata msingi wa kazi yake. Tarehe 5 Septemba 1938 Gaggia aliandikisha haki yake mwenyewe ya mashine isiyotumia mvuke kupika kahawa. Haimpunguzii kitu kusema kwamba alianzia pale mwingine alipoishia. Mafundi wengi duniani wamefanya hivyohivyo. Ila familia ya Cremonesi ilibaki bila jina kwenye mashine.

Wakati Gaggia anahangaika na pistoni yake, mji wa Kolwezi ulikuwa ndiyo kwanza unaanza. Union Minière du Haut-Katanga iliuanzisha mwaka 1937 uwe makao ya migodi yake ya magharibi, karibu na Musonoi na Kamoto. Shaba iliyochimbwa huko ilipelekwa Ulaya, na Ulaya ilikuwa na njaa ya shaba: nyaya za umeme, mabomba, risasi, na pia vitu vidogo vya nyumbani na vya baa. Boila za mashine za kahawa zilitengenezwa kwa shaba kwa sababu metali hiyo inapitisha joto haraka, haili kutu kama chuma, na inakubali kupigwa hadi iwe duara. Watu wa Katanga walilijua jambo hilo karne nyingi kabla, walipokuwa wakiyeyusha mawe ya kijani na kutengeneza misalaba ya shaba iliyotumika kama pesa na kama mahari. Shaba ikishayeyushwa haina tena kijiji. Boila iliyong'aa katika baa ya Milano haikuandikwa mahali popote ni shimo gani lililoizaa.

Kisha vita ikaingia. Hata kabla yake kahawa ilikuwa imeanza kuwa adimu Italia. Mwaka 1935 Mussolini alivamia Ethiopia, nchi ambayo ndiyo asili ya mti wa arabika, na Jumuiya ya Mataifa ikaiwekea Italia vikwazo. Serikali ikabana ununuzi wa bidhaa za nje, na raia wakafundishwa kunywa shayiri iliyokaangwa na mizizi ya chikori. Ni kichekesho cha uchungu: waliivamia nchi ya kahawa, na nyumbani kwao vikombe vikakauka. Mashine mpya ya Gaggia ilikuwa na nafasi gani katika mji usiokuwa na kahawa, ambao mwezi wa Agosti 1943 ulipigwa mabomu usiku baada ya usiku? Miaka karibu 9 ilipita kati ya haki ya kwanza na ile iliyomfanya ajulikane.

Hiyo ya pili ilikuja mwaka 1947, na ndiyo iliyobadilisha kila kitu. Gaggia aliweka springi yenye nguvu juu ya pistoni, na mkono mrefu wa chuma wa kuivuta. Mpika kahawa anashusha mkono, springi inabanwa, na maji ya moto yanaingia katika chumba kidogo juu ya kahawa iliyosagwa. Anauachilia polepole. Springi inajinyoosha na kuisukuma pistoni chini, na maji yanalazimishwa kupita kwa presha ya bar 8 hadi 10. Hiyo ni mara tano au sita ya ile ya mvuke, tena kwa maji ambayo hayajafika kuchemka. Nguvu sasa ilitoka katika bega la mtu na kuhifadhiwa katika springi. Haikuwa kazi isiyo na hatari: aliyeuachilia mkono huo vibaya aliweza kupigwa nao kidevuni, na wapika kahawa wa zamani walilijua hilo vizuri.

Jambo jingine lilitokea bila kelele. Kwa kuwa chumba cha pistoni kilibeba kiasi kilekile cha maji kila mara, kikombe cha espresso kilipata kipimo. Udogo wa kikombe hicho, ambao wageni wengi huudhani ni ubahili wa Waitaliano, ulitokana na ukubwa wa silinda.

Na juu ya kahawa likatokea povu. Maji yakipita kwa presha kubwa yanachanganya mafuta ya kahawa na gesi iliyobaki ndani ya punje tangu zilipokaangwa, na mchanganyiko huo unapanda juu kama tabaka zito la rangi ya dhahabu. Hakuna aliyekuwa amezoea kuliona. Wateja wa kwanza walilitilia shaka, wakidhani ni uchafu. Gaggia angeweza kutafuta namna ya kuliondoa. Badala yake alilifanya kuwa tangazo, akaandika kwamba hiyo ni krema ya kahawa yenyewe, na kwamba mashine yake inafanya kazi bila mvuke. Kati ya maamuzi yote ya maisha yake hili ndilo la kijanja kuliko yote. Leo mtu akipewa espresso bila povu, analalamika.

Mwaka 1948 mashine ya kuuzwa, iliyoitwa Classica, ilikuwa tayari. Mwanzoni alishirikiana na Ernesto Valente, mwenye kiwanda cha Faema, lakini hawakudumu pamoja. Gaggia aliiona mashine yake kama kitu cha heshima, cha baa chache zenye pesa. Valente alitaka iingie katika kila baa ya mtaani kwa bei nafuu. Kila mmoja akashika njia yake, na mabishano hayo ya watu wawili yakageuka mashindano yaliyoilisha Italia nzima mashine. Nje ya nchi pia jina lilienea: mwaka 1953 baa ya Moka ilifunguliwa Frith Street, London, na mcheza filamu Gina Lollobrigida, ikiwa na mashine ya Gaggia kwenye kaunta. Vijana wa Kiingereza wasiokuwa na pesa ya pombe walipata mahali pa kukaa saa nzima kwa kikombe kimoja.

Povu hilo lina deni kwa Congo pia. Kahawa ya robusta inatoa povu nene kuliko arabika, na ina kafeini karibu mara mbili. Waitaliano wengi huichanganya katika espresso yao kwa sababu hiyo, na kwa sababu bei yake iko chini. Jina robusta lenyewe lilitoka katika biashara ya Kibelgiji: mwisho wa karne ya 19 mtaalamu wa mimea Emile Laurent alikusanya kahawa hiyo katika eneo la Lomami, kampuni moja ya bustani ya Brussels ikaizalisha na kuipa jina hilo la kuuzia, na mwaka 1901 miche ikapelekwa Java, ambako ugonjwa wa kutu ya majani ulikuwa umeangamiza mashamba ya kahawa. Kutoka huko ikaenea dunia. Anayenunua leo pakiti ya kahawa ya Italia katika duka la Kolwezi mara nyingi analipia safari ndefu ya mti wa nyumbani.

Gaggia hakuishia kwenye baa. Mwaka 1952 kampuni yake ilitoa mashine ndogo ya mkono kwa matumizi ya nyumbani, ikaiita Gilda, kama filamu ya mwaka 1946 iliyompa umaarufu Rita Hayworth. Wazo lilikuwa kwamba familia ipate mezani kahawa ileile ya kaunta. Lakini Gilda ilihitaji mtu anayejua: kusaga kwa kipimo, kukandamiza, kushusha mkono, kusubiri. Fundi wa baa alikuwa amehamishiwa jikoni, na jina lake sasa lilikuwa mama au baba mwenye nyumba.

Achille Gaggia alifariki mwaka 1961. Mwaka huohuo Valente, mshirika wake wa zamani, alitoa mashine ya Faema E61, ambayo ilichukua presha kutoka kwa pampu ya umeme badala ya springi. Bega la mpika kahawa likapumzika. Tangu hapo mashine nyingi duniani zinafuata njia ya pampu, ingawa zote bado zinatafuta presha ileile ya karibu bar 9 ambayo Gaggia aliipata kwa springi. Ile namba 15 inayoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi la mashine za nyumbani ni uwezo wa mwisho wa pampu. Haina maana kwamba kahawa inapikwa kwa bar 15, na anayeuziwa kwa bei ya juu kwa ajili ya namba hiyo anadanganywa.

Mashine inayofanya yote peke yake Gaggia hakuiona. Kampuni ya Saeco, iliyoanzishwa Italia mwaka 1981, ilitoa miaka minne baadaye mashine ya nyumbani inayosaga, kukandamiza, kupika na kutupa machicha bila mkono wa mtu. Saeco ikainunua kampuni ya Gaggia mwaka 1999, na Philips ya Uholanzi ikainunua Saeco mwaka 2009. Hivyo jina la muuza kahawa wa Milano likahamia kwenye mashine za vitufe.

Ndani ya mashine hizo kazi zake zote bado zipo, ila zimefichwa, na mwenye nyumba husahau kwamba sasa yeye ndiye fundi. Ukifungua mlango wa ubavuni, katika mashine nyingi za ukoo wa Saeco na Gaggia, kuna kipande cha plastiki kinachotoka kizima. Ni silinda na pistoni. Kila wiki kinatakiwa kutolewa na kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu, bila sabuni, kisha kiachwe kikauke. Mara kwa mara mpira wake upakwe grisi inayoruhusiwa kwa chakula, kwa maana mpira uliokauka unavujisha presha na povu linapotea. Mashine nyingine, kama Jura za Uswisi, hazimruhusu mwenyewe kukitoa. Husafishwa kwa vidonge maalum. Sanduku la machicha nalo lisiachwe limefungwa siku nyingi, hasa mtu akisafiri kwenda Lubumbashi wakati wa mvua. Akirudi atakuta ukungu wa kijani.

Adui mkubwa katika ukanda wa shaba ni maji. Madini ya Kolwezi yamelala katika miamba ya dolomiti, na maji ya kisima yanayopita katika miamba ya namna hiyo hubeba kalsiamu na magnesiamu. Yakipata joto yanaacha chokaa ndani ya mirija nyembamba, kama vile inavyoonekana ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Boila kubwa ya baa iliweza kuvumilia miaka. Mashine ndogo ya nyumbani, ambayo mrija wake ni mwembamba kuliko kalamu, inaziba upesi zaidi. Taa ya kuondoa chokaa ikiwaka si ya kuzimwa tu. Chujio ndani ya tangi linasaidia, na dawa ya kuondoa chokaa iwe ile iliyoelekezwa na mtengenezaji. Siki, ambayo watu wengi huitumia kwa sababu ni rahisi, inaacha harufu na inaweza kudhuru mipira.

Kinu nacho kina masharti yake. Punje zilizokaangwa hadi zikang'aa kwa mafuta zinakigandisha, na zile zilizokaangwa na sukari zinaweza kukiua kabisa. Arabika ya Kivu iliyokaangwa kwa kiasi, inayotoka Idjwi, Kabare au Minova, inapita vizuri kinuni na haidai safari ya kwenda Ulaya na kurudi.

Kuhusu umeme, Kolwezi ina bahati mbaya ya kuwa karibu na nguvu nyingi. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako hapo jirani juu ya mto Lualaba, na laini ndefu kutoka Inga inaishia Kolwezi, lakini sehemu kubwa inaelekezwa migodini, na mitaani umeme wa SNEL hukatika na kurudi kwa kishindo. Umeme ukikatika katikati ya kupika, kile kipande cha pistoni kinabaki katikati ya safari yake na hakitoki. Kukivuta kwa nguvu ni kukivunja. Mashine iachwe, umeme ukirudi iwashwe, nayo itakirudisha mahali pake yenyewe. Kifaa cha kutuliza volti kinagharimu kidogo kuliko kadi ya elektroniki iliyoungua, ambayo mara nyingi inaagizwa kutoka nje.

Boila ya shaba haipo tena katika mashine nyingi za namna hii. Imebadilishwa na kipande kidogo cha alumini au chuma kisichoshika kutu. Shaba imehamia ndani ya pampu, ikiwa waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita katika waya huo unavuta pistoni ndogo na kuiachia springi iirudishe, mara 50 kila sekunde, na huo ndio mngurumo unaosikika kabla ya kahawa kushuka. Maji yanayopita ndiyo yanayoipoza pampu hiyo. Tangi likiwa tupu na mngurumo ukiendelea, ni dakika chache tu kabla ya waya huo kuungua.